Salzburg kwa Msafiri Asiyependa Nyimbo

Msafiri asiyependa filamu za nyimbo akifika Salzburg hana pa kukimbilia. Mji huu wa Austria, wenye wakazi wapatao 155,000, uko kandokando ya Mto Salzach, karibu kabisa na mpaka wa Ujerumani. Ndipo alipozaliwa Mozart mwaka 1756, na ndipo linapofanyika kila kiangazi tamasha la muziki na tamthilia lililoanzishwa mwaka 1920. Hata hivyo wageni wengi wanaotoka mbali hawaji kwa ajili ya Mozart. Huja kwa sababu ya The Sound of Music, filamu ya Robert Wise ya mwaka 1965, ambamo Julie Andrews aliigiza kama Maria, msichana aliyekuwa akijiandaa utawa na aliyetumwa kulea watoto saba wa Kapteni von Trapp, akawafundisha kuimba, akaolewa na baba yao, kisha familia nzima ikawatoroka Wanazi. Mabasi huwazungusha mashabiki kwa muda wa saa nne hivi, yakipita mahali palipopigwa picha, na njiani nyimbo huwekwa ili abiria waimbe pamoja. Katika mabasi hayo wamo pia waliokokotwa: mume aliyemfuata mkewe, binti aliyeandamana na mama yake, mwanakwaya ambaye kundi lake limeshaamua. Hao ndio ninaowaandikia, na hoja yangu kwao ni moja. Waende. Filamu hii imekuwa mlango mkuu wa kuingilia Salzburg, na mtu ambaye wimbo haumlevyi yuko mahali pazuri zaidi pa kuuona mji ambao wimbo umeufunika. Ila kuchukia peke yake hakumsaidii mtu. Lazima chuki hiyo izae maswali, na maswali hayo yaulizwe kwenye mitaa na viwanja vyenyewe.

Kwanza tuutendee haki wimbo. Wasiopenda filamu za aina hii husema kwamba hakuna mtu anayekatiza mazungumzo akaanza kuimba, wapita njia wakamwitikia kana kwamba walifanya mazoezi pamoja. Hoja hiyo haina uzito kwa aliyelelewa na ngano za Kiswahili, ambamo mtambaji akifika penye uchungu au hatari huacha kusimulia, akaimba, na hadhira ikaitikia. Haina uzito pia kwa watu wa Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ambako kwa miongo mingi majumba ya sinema yalijaa watu waliokuja kutazama filamu za Kihindi kama Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957. Wengi wao hawakujua Kihindi, lakini walitoka wamezishika nyimbo, na baadhi ya lahani hizo ziliingia katika taarabu. Hakuna aliyelazimika kuwaeleza kwa nini mhusika anaimba badala ya kusema. Kwa hiyo aliyekokotwa akilalamika tu kwamba watu hawaimbi hivyo maishani, bado hajasema kitu. Linalopaswa kumshughulisha ni nguvu ya wimbo. Hotuba ikisema uongo, msikilizaji hupata nafasi ya kuguna. Wimbo ukisema uongo, msikilizaji huwa ameshaitikia kiitikio kabla hajafikiri, kwa maana mtu hawezi kubishana na wimbo huku anauimba. Swali la kuwauliza watengenezaji wa filamu ya nyimbo, basi, ni hili: mmetuitikisha nini?

Mengi tunayoitikishwa Salzburg hayana madhara. Katika Bustani ya Mirabell kuna sanamu ya Pegasus, farasi mwenye mabawa, iliyosimama katikati ya bwawa la maji, na hatua chache kutoka hapo ziko ngazi za mawe ambazo Maria na watoto walizirukaruka wakijifunza nota. Wageni hungoja zamu wapigwe picha wakiziruka vivyo hivyo, na nyuma yao, ng'ambo ya mto, ngome ya Hohensalzburg inaonekana juu ya kilima chake. Basi hupita pia karibu na Kasri la Leopoldskron, ambalo ziwa lake lilitumika katika tukio la watoto kupinduka na mashua, kisha huelekea Hellbrunn kilipo kibanda cha vioo ambamo wapendanao wa filamu huimbiana. Ukikisogelea kibanda hicho unashangaa udogo wake: fremu nyeupe, vioo pande zote, viti vilivyozunguka ukuta, na mlango uliofungwa. Hapana nafasi ya kuchezea dansi ile. Matukio ya ndani yalipigwa studio nchini Marekani, katika kibanda kilichojengwa kikubwa zaidi. Harusi nayo ilipigwa katika kanisa la Mondsee, mji mdogo ulio kando ya ziwa mashariki mwa Salzburg, ilhali Maria halisi alifunga ndoa katika nyumba ya watawa ya Nonnberg, hapohapo mjini. Mgeni aliyedanganywa hivi hajapoteza chochote. Sinema ni kazi ya kubuni, na mwenye kununua tiketi anajua kwamba kibanda cha vioo hakikuwahi kuwa shahidi wa jambo lolote.

Hata kisa chenyewe kimegeuzwa sana, na mageuzi mengi nayakubali. Maria halisi alifika kwa Georg von Trapp kumfundisha binti mmoja tu, aliyekuwa dhaifu baada ya ugonjwa. Walioana tarehe 26 Novemba 1927, zaidi ya miaka kumi kabla Ujerumani haijaimeza Austria, kwa hiyo mapenzi yao hayakuchanua chini ya kivuli cha vita kama tunavyoonyeshwa. Georg alikuwa kamanda wa nyambizi aliyepata sifa katika Vita Kuu ya Kwanza, lakini wanawe walimkumbuka kama baba mpole na mpenda muziki, wala hawakufurahia kumwona katika filamu akiwa baba mkavu anayewanyima nyimbo. Aliyezinoa sauti zao hadi zikafaa jukwaani ni padri Franz Wasner, ambaye katika filamu hayumo kabisa. Tena hawakuimba kwa furaha peke yake. Sehemu kubwa ya mali ya Georg ilipotea benki ilipofilisika katika miaka ya 1930, na kuimba kukawa njia ya kupata riziki. Mwaka 1938 waliondoka kwa treni kuelekea Italia, na hatimaye wakajenga makazi mapya huko Stowe, jimboni Vermont, Marekani. Milima hawakuivuka kwa miguu kama filamu inavyoonyesha. Anayetoka Salzburg akauvuka mlima Untersberg hushukia Bavaria, upande wa Berchtesgaden, ambako Hitler mwenyewe alikuwa na makazi yake ya mlimani. Mwisho wa filamu, ukiupima kwa ramani, unawapeleka wakimbizi mikononi mwa yule wanayemkimbia. Bado nasema watunzi wana haki ya kufupisha miaka, kuondoa padri na kuhamisha mlima. Kiini cha kisa, yaani ujasiri wa familia, ni cha kweli: kwa simulizi ya Maria, Georg alikataa kurudi kuongoza nyambizi chini ya Wanazi, na familia ikakataa kuimba katika siku ya kuzaliwa ya Hitler.

Badiliko ninalolipinga ni moja, na linaonekana vizuri zaidi Felsenreitschule. Huu ni ukumbi uliochongwa mwishoni mwa karne ya 17 katika machimbo ya mawe ya kilima cha Mönchsberg, ili watu wa ikulu ya askofu mkuu watazame michezo ya farasi. Mwamba umekatwa ukawa safu tatu za vibaraza vyenye matao, 96 kwa jumla, na hadi leo mwamba huo ndio ukuta wa nyuma ya jukwaa. Hapo filamu inawaweka von Trapp wakiimba kwa mara ya mwisho mbele ya watu wa mji, maofisa wa Kinazi wakiwa wamekaa mbele. Kapteni anaimba Edelweiss, sauti inamkwama, Maria anajitokeza kumsaidia, na hadhira nzima inaitikia. Wageni wengi huamini kwamba huo ni wimbo wa jadi wa Austria, na wapo wanaodhani ni wimbo wa taifa. Ukweli ni kwamba uliandikwa Marekani mwaka 1959 na Richard Rodgers na Oscar Hammerstein kwa ajili ya tamthilia yao ya Broadway, ambayo ndiyo iliyozaa filamu. Uzuri wake siubishii. Ninachobisha ni ushuhuda unaotolewa kwa uzuri huo: kwamba umma wa Salzburg ulikuwa upande wa familia hii, kwamba Unazi ulikuja kutoka nje ukiwa umevaa sare na kukalia viti vya mbele, na kwamba safu zote za nyuma zilikuwa zinaomboleza nchi yao. Watazamaji wa dunia nzima wameitikia ushuhuda huo kwa zaidi ya nusu karne, na hawajui kama wameutia sahihi.

Historia ya mji inasema vingine. Majeshi ya Ujerumani yalipoingia Austria tarehe 12 Machi 1938 hayakukabiliwa na jeshi lolote, na katika miji mingi yalilakiwa kwa maua na shangwe. Tarehe 10 Aprili ikapigwa kura ya kuhalalisha muungano, na matokeo yaliyotangazwa yalikuwa asilimia 99.7 ya kukubali. Kura hiyo haikuwa huru: Wayahudi walikatazwa kupiga, wapinzani wengi walikuwa wameshakamatwa, na mpiga kura hakuwa na siri. Lakini hakuna aliyewalazimisha wote waliojaa barabarani kushangilia. Tarehe 30 Aprili, katika uwanja wa Residenzplatz katikati ya Salzburg, vitabu vilichomwa moto hadharani, vikiwemo vya Stefan Zweig, mwandishi Myahudi aliyekuwa mkazi wa mji huo tangu mwaka 1919 hadi alipoondoka mwaka 1934 baada ya nyumba yake kupekuliwa na polisi. Novemba mwaka huohuo wa 1938 sinagogi la mtaa wa Lasserstrasse likaharibiwa. Yupo pia Max Reinhardt, mwongozaji wa tamthilia, Myahudi, mmoja wa waanzilishi wa Tamasha la Salzburg. Ndiye aliyelinunua Kasri la Leopoldskron mwaka 1918 na kulifufua, na ndiye aliyeigeuza Felsenreitschule kuwa jukwaa la tamthilia mwaka 1926. Wanazi walimnyang'anya kasri, naye akafia New York mwaka 1943. Hebu tuyaweke pamoja. Ziwa la mashua iliyopinduka na jukwaa la Edelweiss, sehemu mbili zinazowatoa mashabiki machozi, zote zina alama ya mtu ambaye mji huo ulimkataa. Filamu imepapiga picha pahali pake, na yeye mwenyewe haonekani.

Hapo mtetezi wa filamu atanikatiza, na hoja yake ya kwanza ina nguvu. Atasema kwamba filamu hii, pamoja na utamu wake, ilisema kuhusu Unazi zaidi ya ilivyokuwa tayari kusema Austria yenyewe. Ni kweli. Baada ya vita Austria ilijificha nyuma ya kauli ya mataifa yaliyopigana na Ujerumani, iliyotolewa Moscow mwaka 1943, iliyoitaja kuwa nchi huru ya kwanza kuangukia mikononi mwa Hitler, ikasahau kwamba kauli hiyohiyo iliikumbusha pia wajibu wake kwa kushiriki vita upande wa Ujerumani. Hadi Julai 1991 ndipo kansela wa Austria, Franz Vranitzky, aliposimama bungeni akakiri kwamba Waaustria walikuwa na sehemu yao ya lawama. Filamu ilipokuwa ikitengenezwa mwaka 1964, simulizi za watengenezaji zinasema wakuu wa mji hawakutaka bendera za Kinazi zitundikwe Residenzplatz, wakakubali tu walipoambiwa kwamba badala yake zingetumika picha halisi za umati ukimshangilia Hitler. Mjini Munich msambazaji aliikata sehemu yote inayofuata harusi, ili watazamaji wa Kijerumani wasiwaone Wanazi kabisa. Katika nchi zinazozungumza Kijerumani filamu haikupata watazamaji wengi, na tamthilia yenyewe haikuchezwa katika ukumbi mkuu wa tamthilia wa Salzburg hadi mwaka 2011. Kwa hiyo nakubali: Wamarekani walizitundika bendera zile mahali zilipowahi kutundikwa kweli, wakati wenyeji walitamani zisahauliwe. Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa mgeni alileta dawa ambayo mwenyeji hakuiomba.

Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho inaniunga mkono mimi. Kinachosifiwa ni bendera, yaani sehemu ambayo haina wimbo. Tazama jinsi filamu inavyoutumia uwanja huo wa Residenzplatz mara mbili. Mara ya kwanza Maria anaupita akienda kuanza kazi, ana begi na gitaa, anaimba kujitia moyo na kuchezea maji ya chemchemi kubwa ya mawe iliyo katikati. Mara ya pili wanajeshi wanaukatiza kwa gwaride chini ya bendera, na hakuna anayeimba. Mgeni akifika hapo leo hukimbilia chemchemi, akachota maji kwa kiganja na kuyarusha kama Maria. Picha ya gwaride hairudiwi na mtu, na si ajabu, kwani kilichobaki kichwani ni kile kilichoimbwa. Filamu iliweka ukweli kidogo katika kimya na faraja nyingi katika sauti, na miaka ilivyopita faraja ndiyo iliyoendelea kuishi. Ndiyo maana nasema kosa liko Felsenreitschule hasa: pale palipohitajika kimya cha aibu, umma ukapewa kiitikio.

Hoja ya pili ya mtetezi ni kwamba hii ni burudani. Watu wamefanya kazi mwaka mzima, wamelipa nauli kubwa, wanataka kufurahi pamoja na watoto wao, na mimi nawaletea vitabu vilivyochomwa na mali zilizotwaliwa. Ningeikubali hoja hii kama filamu ingebaki kwenye sinema. Mtu akiketi kwake Nairobi au Kampala akaitazama kwa dakika zake 174, hiyo ni burudani yake, na sina neno. Mambo hubadilika pale filamu inapogeuka kuwa mwongoza wageni. Ziara ya mji ni madai juu ya mahali halisi: inamwambia msafiri, hapa ndipo, tazama. Aliyelipa ili aonyeshwe Salzburg ana haki ya kuonyeshwa Salzburg. Wala simtaki mwongozaji asome orodha ya waliouawa huku watoto wanaruka ngazi za Mirabell. Dakika tano zinatosha. Basi likiwa kando ya ziwa la Leopoldskron, baada ya kuonyesha ilipopinduka mashua, inatosha kusema jina la Reinhardt, alichofanya na alichofanyiwa. Furaha ya kweli haiwezi kuharibiwa na dakika tano za ukweli. Isitoshe, kisa cha familia iliyokataa hupata uzito zaidi msikilizaji akijua wangapi hawakukataa. Filamu imewapunguzia von Trapp ujasiri wao kwa kuwapa umati wa kuwaunga mkono. Waliyoyafanya ni makubwa zaidi kwa sababu wachache sana waliyafanya.

Upande wa pili nao wana kosa lao, yaani wale wanaoibeza filamu hii. Wamekuwepo tangu mwanzo. Mhakiki wa Marekani Pauline Kael aliishambulia kwa ukali mwaka 1966, na Christopher Plummer aliyeigiza Kapteni alitumia miaka mingi kuisema vibaya kwa utamu wake uliozidi, ingawa uzeeni alilegeza msimamo. Malalamiko ya aina hiyo nayaona mafupi. Utamu si dhambi, na anayeishia kuudharau utamu huwa amehukumu ladha za watu, hakuhukumu kazi. Mama wa makamo anayelia akisikia Edelweiss ndani ya basi hajakosea kulia. Analia kwa ajili ya nchi iliyopotea na familia iliyolazimika kuhama, na hayo ni mambo yanayostahili machozi. Mkokotwa anayekaa pembeni akimcheka hajaona zaidi yake. Ameona pungufu, kwa sababu yeye hakuona hata yale ambayo mama yule ameyaona. Dharau pia ni aina ya wimbo, kwani nayo humfanya mtu aridhike kabla ya kufikiri. Wajibu wa asiyependa filamu ni mgumu kuliko wa anayeipenda: akatae kulevywa, na bado akubali kuguswa.

Sasa afanye nini basi likishamshusha? Kwanza arudi Residenzplatz kwa miguu, na safari hii asiishie kwenye chemchemi. Mwaka 2018 kumbukumbu ya vitabu vilivyochomwa iliwekwa katika uwanja huo, nayo ni ya chini, kwenye sakafu, kwa hiyo anayetazama juu akitafuta minara huipita bila kuiona. Kisha atembee katika mitaa ya kawaida akitazama chini ya miguu yake. Kati ya mawe ya njia atakutana na vibao vya shaba ya manjano, vya mraba, upana wa kama sentimeta kumi kila upande, vilivyopachikwa mbele ya nyumba. Kila kibao kina mtu mmoja: kwamba aliishi hapa, jina lake, mwaka aliozaliwa, mwaka aliokamatwa au kuhamishwa, na yaliyompata. Ni kazi iliyoanzishwa na msanii Mjerumani Gunter Demnig, ambayo imeenea katika nchi nyingi za Ulaya, na Salzburg peke yake ina mamia ya vibao hivyo. Wamo Wayahudi, wagonjwa wa akili waliouawa kwa sababu ya ugonjwa wao, wapinzani wa kisiasa, Mashahidi wa Yehova. Mbele ya kumbi za Tamasha vimewekwa vya wasanii waliofukuzwa, Reinhardt akiwa mmoja wao. Ili kusoma kibao kimoja ni lazima uiname, na kusoma kunachukua muda mfupi kuliko kupiga picha ngazi za Mirabell. Vibao hivyo havina mwongozaji, havina tiketi wala saa ya kufungwa. Wenyeji wenyewe ndio waliochangia kuviweka, na hilo ni jambo la kuwapa heshima: mji ambao haukutaka bendera za kuigiza umejifunza kuandika majina halisi kwenye njia zake.

Yupo atakayeuliza haya yanatuhusu nini sisi, tulio mbali na Austria. Yanatuhusu kwa sababu Zanzibar nayo ina familia iliyohama na filamu iliyojaa nyimbo. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Waparsi, na familia hiyo iliondoka kwenda Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari. Mwaka 2018 ikatoka Bohemian Rhapsody, filamu ya maisha yake, na mwaka uliofuata jumba la makumbusho yake likafunguliwa Shangani. Wageni huja na nyimbo zake midomoni, huonyeshwa mlango, hupiga picha na kwenda zao ufukweni. Swali la kwa nini familia ya mtumishi wa serikali ilifunga virago mwaka ule hupitiwa haraka, kwa kuwa jibu lake ni zito. Kwa Wazanzibari wengi Mapinduzi ni siku ya kukombolewa, kwa wengine ni siku ya kupoteza ndugu na nyumba, na yote mawili ni sehemu ya historia ya kisiwa kimoja. Sisemi kwamba Unguja ya 1964 na Salzburg ya 1938 ni mamoja. Sababu zake, watu wake na uzito wake havilingani. Ninachosema ni kwamba mji unaomwonyesha mgeni mahali alipotoka mwimbaji unadaiwa pia kumweleza kwa nini aliondoka. Hatuwezi kuwadai Waaustria ukweli ambao sisi wenyewe tunaupitia kando tunapoongoza wageni Mji Mkongwe.

Kwa hiyo, msomaji, siku mwenzio akikutaka muende kwenye filamu ya nyimbo usiyoipenda, au kwenye ziara iliyojengwa juu ya filamu hiyo, mwitikie. Usimharibie siku yake kwa miguno, wala usijifanye umefurahi. Kaa, tazama, na kila wimbo unapoisha jiulize umeitikishwa nini na nani hakutajwa. Mkishuka, mwombe naye akufuate saa moja tu, muende pale basi lisipofika. Na ninyi mnaoongoza wageni, Salzburg au Shangani, wapeni nyimbo walizozifuata, kisha waambieni waziwazi ni nani walioishi hapo, ni nani waliowafukuza, na mji ulifanya nini siku hiyo.